UZI: Kioo cha QLED kikipasuka, ndani kuna nini? Safari ya kutafuta chembe za mwanga zisizo na kadimiamu

#1 — MwanakemiaWaZiwani

Wakuu, habari za jioni.

Juzi mjomba wangu alinipigia simu. Ni fundi wa TV Mwanza, kazi hiyo kaifanya zaidi ya miaka ishirini. Ameletewa TV ya aina ya QLED iliyopasuka kioo, kaifungua, akakuta kati ya zile karatasi za kusambaza mwanga kuna shuka moja la plastiki lenye rangi ya manjano, ambalo kwenye TV za zamani halipo. Mtu mmoja pale dukani kamwambia asiliguse, lina kadimiamu, chuma chenye sumu, litamla figo. Mwingine kamwambia TV hizo zimetangazwa hazina sumu, hata mtoto alichezee. Akaniuliza: nimwamini yupi?

Mimi nasomea kemia ya vitu hivyo hivyo, kila siku nashinda na chupa zake mkononi. Nikamwambia wote wawili hawajasema sawasawa, na nikamwahidi kuandika jibu kamili hapa ili mafundi wengine nao walipate.

Tuanze na lile shuka. Ndani yake kuna fuwele ndogo mno, upana wa nanomita chache tu. Unywele mmoja wa kichwa una unene wa nanomita kama 80,000 hivi, kwa hiyo fikirini wenyewe. Wataalamu wanaziita nukta za kwanta. Taa za nyuma za TV hiyo ni LED za buluu. Mwanga wa buluu ukizipiga fuwele hizo, baadhi zinaumeza na kuutoa upya ukiwa wa kijani, nyingine wa nyekundu. Buluu, kijani na nyekundu zikikutana, kioo kinapata rangi zote.

Ajabu yake ni kwamba kitu ni kilekile, kinachobadilika ni ukubwa. Waliokulia kwenye ngoma watanielewa haraka: chapuo ni ndogo, sauti yake nyembamba na ya juu, msondo ni mkubwa, sauti nzito. Elektroni ikibanwa ndani ya chembe ndogo hutoa mwanga wa nishati kubwa, upande wa buluu. Ipe chembe kubwa zaidi, nishati inashuka, mwanga unaelekea nyekundu. Selenaidi ya kadimiamu (kadimiamu iliyoungana na seleniamu), kwa mfano, ukiikuza kutoka nanomita 2 hadi 6 hivi, unapita karibu rangi zote za upinde wa mvua.

Alexei Ekimov aliliona jambo hili mwaka 1981 kule Leningrad (leo St. Petersburg, Urusi), kwenye vioo alivyovitia kloraidi ya shaba. Louis Brus akaliona 1983 pale maabara ya Bell Labs, Marekani, kwenye chembe zinazoelea katika kimiminika. Mwaka 1993 Moungi Bawendi na wanafunzi wake wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, wakapata njia ya kuzitengeneza zikiwa na ukubwa unaolingana: unachoma sindano ya malighafi ndani ya mafuta yaliyochemka karibu nyuzi 300, chembe zinazaliwa zote kwa mpigo mmoja. Watatu hao walipewa Nobel ya Kemia 2023.

Tatizo ni kwamba njia hiyo ilifanya kazi vizuri zaidi kwa kadimiamu, na kadimiamu ni chuma kibaya. Kikiingia mwilini kinakaa kwenye figo miaka kumi, ishirini, hata zaidi. Kule Toyama, Japani, wakulima wa bonde la mto Jinzu walikula mpunga ulionyweshwa maji yenye kadimiamu yaliyotoka mgodi wa Kamioka. Mifupa yao ikawa laini ikavunjika, wakalia kwa maumivu hadi ugonjwa ukaitwa itai-itai, yaani "inauma, inauma". Serikali ya Japani ilikiri chanzo chake mwaka 1968.

Kwa hiyo kazi yetu ni kutafuta chembe inayong'aa vilevile bila kadimiamu na bila risasi (ile metali ya kwenye betri za gari, nayo ni sumu). Ulizeni, nitajibu ninachokijua.

#2 — FundiRedio

Mdogo wangu, shukrani sana kwa kutukumbuka mafundi. Mimi nina mashuka kama hayo sita hapa dukani, nimeyatunza kwa sababu yanasaidia nikitengeneza taa za nyuma za TV nyingine. Je, kwa macho nitajua lipi lina kadimiamu?

#3 — MwanakemiaWaZiwani

Kaka, kwa macho hutojua. Manjano ni manjano. Kinachosaidia ni jina la TV na mwaka wake.

Za mwanzo kabisa, mwaka 2013, zilikuwa na kadimiamu: Sony walitumia kijiti cha kioo chenye chembe hizo kikiwa kimelazwa pembeni mwa skrini. Samsung walipoingia 2015 waliingia na fosfaidi ya indiamu (metali ya indiamu iliyoungana na fosforasi), bila kadimiamu, na wameendelea hivyo. Kampuni nyingine zilibaki na kadimiamu kwa muda kwa sababu rangi yake ni safi zaidi na bei ni nafuu.

Na sheria iliwaachia mlango. Kanuni ya Umoja wa Ulaya iitwayo RoHS inazuia kadimiamu isizidi 0.01% ya uzito wa kila malighafi ndani ya kifaa, wakati risasi imeruhusiwa hadi 0.1%. Hapo tu unaona wanaiogopa mara kumi zaidi. Ila nukta za kwanta zilipewa msamaha. Mei 2015 Bunge la Ulaya lilipiga kura kukataa msamaha huo kuongezewa muda, na baadaye ukarudi kwa sura finyu zaidi: chini ya mikrogramu 0.2 za kadimiamu kwa kila milimita mraba ya skrini.

Nimepiga hesabu ya inchi 55. Eneo lake ni kama milimita mraba 830,000. Zidisha, unapata kama gramu 0.17 kwa TV nzima, hapo tumechukua kiwango cha juu kabisa kilichoruhusiwa. Betri moja ya zamani ya kuchaji ya nikeli na kadimiamu, zile za mashine za kutobolea, ina gramu kadhaa. Sisemi hivyo ili tulidharau shuka. Nasema ili tujue lipo wapi kwenye foleni ya hatari, maana betri hizo nimeziona zikichomwa moto pamoja na takataka na hakuna aliyesema neno.

#4 — MkulimaSongea

Mkuu, umesema fosfaidi. Hiyo si ndiyo tunayofukizia mahindi ghalani? Vidonge vile vimeua watu waliolala chumba kimoja na magunia. Sasa kadimiamu imetoka, imeingia dawa ya wadudu?

#5 — MwanakemiaWaZiwani

Swali zuri mno, na nimefurahi limetoka kwa mkulima.

Ukoo ni mmoja, tabia tofauti. Vidonge vya ghalani ni fosfaidi ya alumini. Hiyo inahitaji unyevu kidogo tu wa hewani ili iachie gesi ya fosfini, na gesi hiyo ndiyo inayoua wadudu na watu. Fosfaidi ya indiamu imeshikana kwa nguvu zaidi. Unyevu wa kawaida hauivunji namna ile, mpaka uiweke kwenye asidi kali. Juu yake tena kuna maganda ya zinki, nitayaeleza, na shuka lenyewe limefungwa katikati ya tando mbili zinazozuia hewa na maji.

Lakini hofu yako ina mahali pake, na mahali hapo ni kiwandani na maabara. Malighafi ya fosforasi iliyotumika miaka mingi kutengenezea chembe hizi ni kimiminika kinachowaka moto kikigusa hewa na kuachia hiyo hiyo fosfini. Chembe inatangazwa kuwa salama, aliyeipika kashinda na kitu kinachoweza kumuua. Ndiyo maana niliheshimu sana kazi ya kundi la Zeger Hens, Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji: mwaka 2015 walionyesha namna ya kupika fosfaidi ya indiamu kwa aminofosfini, malighafi ya bei nafuu ambayo hailipuki ukifungua chupa. Hata upande wa kadimiamu hatua kama hiyo ilikuwepo. Xiaogang Peng, akiwa Arkansas, mwaka 2001 aliiondoa malighafi ya hatari iliyotumika kwenye njia ya MIT akaweka oksaidi ya kawaida. Kwangu mimi hatua hizi zina uzito sawa na rekodi za mwangaza, japo hazitangazwi kwenye matangazo ya TV.

#6 — DadaWaMaabara

Naomba kuongezea kidogo. Mkuu, tueleze kwa nini fosfaidi ya indiamu ilichukua muda mrefu hivyo. Chembe zake za kwanza zilitengenezwa katikati ya miaka ya 1990, TV imekuja 2015. Miaka ishirini ilikwenda wapi?

#7 — MwanakemiaWaZiwani

Dada, ilikwenda kwenye uso wa chembe.

Chembe ya nanomita tatu haina "ndani" ya kutosha. Atomi nyingi zipo juu, na kila atomi ya juu isiyo na mwenzake ni shimo ambalo elektroni inatumbukia, nishati inaishia kuwa joto badala ya mwanga. Fosfaidi ya indiamu ina shida ya pili: inapenda oksijeni. Ikiguswa na hewa kidogo tu inaota tabaka la oksaidi na kuzimika. Ikiwa uchi, bila ganda, hutoa mwanga kwa chini ya 1% ya nuru inayoimeza.

Hili nimelionja. Mwaka wangu wa kwanza niliacha kifuniko cha mpira kilichochoka kwenye chupa. Nilipoanza, kimiminika kilitoka njano, kikawa chungwa, kikawa chekundu kama juisi ya rosela, nikajua leo nimepata. Niliposhika taa ya zambarau chupa ilikuwa giza. Siku nne za kazi. Hewa ilikuwa imepenya usiku kucha na mimi nimelala.

Dawa ya uso ni kuivisha chembe ganda. Ganda la sulfaidi ya zinki ni gumu na zuri, lakini nafasi za atomi zake hazilingani na za fosfaidi ya indiamu, tofauti ni karibu 8%. Ni kama kujenga ukuta wa matofali madogo juu ya msingi wa matofali makubwa: kozi mbili tatu zinakwenda, halafu nyufa. Ukitanguliza selenaidi ya zinki, tofauti inashuka hadi asilimia 3 na kitu, ndipo unamalizia na sulfaidi. Kabla ya hapo unausafisha uso wa chembe kwa asidi ya haidrofloriki ili oksaidi itoke. Wanaoijua asidi hiyo wanajua inapita kwenye ngozi hadi mfupani. Hapo tena, bidhaa salama kwa njia isiyo salama.

Mwaka 2019 watafiti wa Samsung walichapisha katika jarida la Nature chembe nyekundu za namna hii, fosfaidi ya indiamu yenye maganda mawili ya zinki, iliyopokea umeme moja kwa moja bila taa ya buluu nyuma. Ufanisi wake, yaani sehemu ya elektroni zinazotoka nje kama mwanga, ulifika 21.4%, sawa na kadimiamu nzuri. Siku niliyoisoma ile makala nilihisi uzito umenitoka, kwa sababu kwa miaka watu walisema bila kadimiamu haiwezekani.

Kilichobaki nyuma ni usafi wa rangi. Kadimiamu hutoa ukanda mwembamba wa rangi, nanomita 20 hadi 30 (hapa nanomita zinapima urefu wa mawimbi ya mwanga, si ukubwa wa chembe). Fosfaidi ya indiamu ipo kwenye 35 hadi 40, kwa kuwa chembe yake ikitofautiana ukubwa kidogo tu rangi inaruka mbali.

#8 — DaktariMdogo

Nimefuatilia uzi huu kimya, ila hapa lazima niseme. Neno "haina sumu" linanikera. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kadimiamu kundi la 1, yaani inajulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Sawa. Lakini fosfaidi ya indiamu imewekwa kundi la 2A, hatua moja tu chini, kwa sababu panya waliovuta vumbi lake walipata saratani ya mapafu. Na mwaka 2003 madaktari wa Japani waliripoti mfanyakazi aliyefariki kwa ugonjwa wa mapafu baada ya kufanya kazi na vumbi la oksaidi ya indiamu na bati. Oksaidi hiyo ndiyo waya usioonekana ulio kwenye kila kioo cha LCD, iwe QLED au siyo.

Kwa hiyo kaka fundi, usiulize tu kuhusu shuka la manjano. Uliza kuhusu vumbi la kioo chenyewe.

#9 — MwanakemiaWaZiwani

Daktari, nakubaliana nawe neno kwa neno. Katika maandishi yangu sisemi "haina sumu". Nasema "haina kadimiamu wala risasi". Hilo unaweza kulipima. Lile la kwanza ni la tangazo.

Tofauti ya kweli kati ya hizi mbili ni njia ya kuingia mwilini. Kadimiamu inaingia kwa chakula na maji, inakusanyika kwenye mpunga, kwenye figo, mwaka hadi mwaka. Fosfaidi ya indiamu ni hatari hasa ikiwa vumbi puani. Kwa mwenye TV sebuleni haina shida. Kwa anayesaga kioo au kuchoma paneli ili apate shaba, ni jambo jingine.

#10 — MvitaKweli

Assalam aleikum ndugu zangu. Nasikia kuna aina nyingine, perovskaiti, mwanga wake mkali kushinda zote na kutengeneza ni rahisi. Kwa nini tusiende huko?

#11 — MwanakemiaWaZiwani

Waaleikum salaam. Ni kweli. Mwaka 2015 kundi la Maksym Kovalenko, Zürich, Uswisi, lilionyesha fuwele za sizi, risasi na bromini zinazozaliwa ndani ya sekunde, kijani chake chembamba mno. Hata ganda hazihitaji sana. Nimeziona kwa macho, na uzuri wake sitaukana.

Lakini ni risasi, na ni risasi inayoyeyuka kwenye maji. Wewe ni wa Mvita, unaujua mtaa wa Owino Uhuru kuliko mimi.

#12 — MvitaKweli

Naujua. Watoto walipimwa damu ikakutwa na risasi kwa sababu ya kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kando ya nyumba zao. Mwaka 2020 mahakama hapa Mombasa iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Basi nimekuelewa, yasije tena kwa sura ya kioo kizuri.

#13 — MwalimuKemia

Mimi nafundisha kidato cha sita. Nilisoma kwamba chembe za kaboni zinaweza kutengenezwa kwa asidi ya sitriki na mbolea ya yurea. Nilipasha kidogo kwenye oveni ya maikrowevu ya zamani, nje, upepo ukivuma kwa sababu ya amonia. Ikatoka masalia meusi kama sukari iliyoungua. Tukayeyusha kwenye maji, tukachuja, tukamulika kwa tochi ya kukagulia noti. Buluu ikawaka! Wanafunzi walipiga kelele hadi mkuu wa shule akaja. Je, hili si ndilo jibu? Hakuna chuma chochote humo.

#14 — MwanakemiaWaZiwani

Mwalimu, hongera, na endelea. Chembe za kaboni zenyewe ziligunduliwa 2004 huko South Carolina na watu waliokuwa wanasafisha mirija ya kaboni, hata hawakuwa wanazitafuta.

Ila nikuambie jambo ambalo limewaumbua wataalamu wengi. Sehemu kubwa ya ule mwanga wa buluu huenda haitoki kwenye chembe kabisa. Asidi ya sitriki ikipashwa na kitu chenye naitrojeni huzaa molekuli ndogo za kawaida zinazong'aa zenyewe. Makala nyingi zilichapishwa zikisifu chembe, kumbe anayeng'aa ni jirani yake. Namna ya kuwatenganisha ni mfuko wa utando wenye vitundu: molekuli ndogo hupita kwenda kwenye maji ya nje, chembe hubaki ndani. Acha siku mbili ukibadilisha maji, halafu mulika ndani na nje.

Jaribio la pili: dondosha tone kwenye kioo, likauke, mulika. Mwanga wake utafifia au kufa, kwa sababu chembe zikigusana zinanyang'anyana nishati. Na ukanda wake wa rangi ni mpana, mara nyingi nanomita 70 kwenda juu. Kwa TV hiyo ni rangi iliyochujuka.

Kwa taa ya nyumbani upana si dhambi kubwa, isipokuwa kwenye nyekundu. Taa ya LED yenye mwanga wa joto inapoteza umeme kwa kutoa nyekundu iliyopita nanomita 650, ambako jicho halioni vizuri. Hapo chembe yenye nyekundu nyembamba ya 630 ingeokoa mengi. Lakini juu ya chipu ya taa kuna joto la nyuzi 100 na zaidi, na kaboni yetu haijavumilia.

#15 — Lubumbashi243

Jambo wote. Huku kwetu Katanga kuna mgodi wa Kipushi, ulifungwa 1993, umeanza tena 2024. Unatoa zinki. Naona jina zinki linarudi kila mahali kwenye uzi huu. Je, zinki yenyewe haiwezi kung'aa?

#16 — MwanakemiaWaZiwani

Ndugu wa Katanga, umegusa ninapopapenda.

Kwanza, indiamu na kadimiamu zote mbili hupatikana kama masalia ya usafishaji wa zinki. Indiamu haina mgodi wake. Zinki ikipungua duniani, nayo inapungua. Kwa hiyo anayetegemea indiamu anategemea zinki bila kujua.

Pili, jibu lako ni ndiyo. Selenaidi ya zinki hutoa mwanga wa zambarau, wa juu mno kwa skrini. Ukiichanganyia teluriamu kidogo (elementi ya ukoo wa seleniamu), mwanga unashuka hadi buluu. Mwaka 2020 kundi lilelile la Samsung lilichapisha chembe hizo zikipokea umeme moja kwa moja: buluu ya nanomita 457, ufanisi 20.2%. Haina kadimiamu, haina risasi, haina indiamu. Kilichowasumbua ni maisha yake mafupi kulinganisha na nyekundu, na bado buluu ndiyo inayochelewesha skrini za namna hiyo. TV zinazouzwa leo kwa jina la QLED bado ni LCD zenye shuka.

Mimi sasa hivi nafanyia kazi kijani cha ukoo huu, zinki, seleniamu na teluriamu. Ukiongeza teluriamu ili ufike kijani, atomi zake zinajikusanya pamoja ndani ya chembe, na rangi inatanuka kama mafuta ya taa juu ya maji. Wiki hii nimebadilisha kasi ya kudondosha malighafi, tone kwa tone kwa saa tatu. Ukanda umepungua kidogo. Kidogo, lakini umepungua.

#17 — FundiRedio

Mdogo wangu, nimesoma yote na kijana wangu kanisomea mara ya pili. Sasa niambie cha kufanya na haya mashuka sita na vioo vilivyopasuka.

#18 — MwanakemiaWaZiwani

Kaka yangu, shuka zima lisilokatika unaweza kuendelea kulitumia, mikono mikavu. Usilikate kwa msumeno, usilipige msasa, usilichome. Likikatika pembeni, hewa inaingia na utaona ukingo wake unapoteza rangi. Hilo weka kwenye mfuko na uufunge. Kioo kilichopasuka, funika kwa utepe wa gundi kabla hujakibeba, nyunyizia maji kidogo vumbi lisiruke, vaa barakoa. Usiwape wanaochoma.

Na kwenye kila mfuko andika jina la TV na mwaka.

#19 — FundiRedio

Nimeandika. Minne ni ya baada ya 2015 ya kampuni uliyoitaja. Mmoja sijui, TV yake ilikuja bila kibandiko. Wa sita ni 2014, huo nimeutenga juu ya kabati. Sasa huku mtaani hakuna anayepokea vitu hivi zaidi ya gari la taka, nalo linapeleka dampo ambako kila jioni moto unawaka. Nauweka hapo juu hadi lini?

#20 — DaktariMdogo

Kaka, uache hapo hapo kwa sasa. Nitauliza Jumatatu kama hospitali yetu, yenye mkataba wa kuondoa zebaki, inaweza kupokea na huo. Nitarudi kwenye uzi na jibu.